Kituo cha hali ya hewa nyumbani: kihisio kinapotea hewani kila usiku, tusaidiane

Mwenye Shamba
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua redio na vipimo vya hali ya hewa.

Niko Njombe. Tangu Februari nina kituo kidogo cha nyumbani. Kihisio cha nje kinapima jotoridi, unyevunyevu, mvua na upepo, na kimesimama shambani bondeni, mita 55 kutoka nyumbani. Kinatuma taarifa kwa redio kwenye masafa ya megahezi 433 kila baada ya sekunde 16, na skrini iliyoko sebuleni inapokea. Bondeni nimekiweka kwa makusudi. Baridi ya usiku huteremka na kutulia kule, na ndiko nilikopanda miche 140 ya parachichi. Mwaka jana mwezi wa saba niliamka nikakuta majani yamefunikwa na sakitu, meupe kama yamemwagiwa chumvi, na kufikia saa nne asubuhi yalikuwa meusi. Nilipoteza miche 60. Kituo hiki nilikinunua kwa ajili hiyo tu, kiniamshe nyuzi zikifika 3 niwahi kufunika miche kwa majani makavu na kufungulia maji.

Sasa tatizo. Mchana namba zote zinaonekana vizuri. Ikifika kama saa moja jioni, mahali pa namba vinakuja vistari, na vinabaki hivyo mpaka kunapokucha. Saa ninazokihitaji ndizo saa kinazonyamaza. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, paa ni la bati, madirisha yana nondo. Nimeshakisogeza kihisio karibu na nyumba kwa mita 20 lakini hali ni ile ile, nikakirudisha.

Kijana wa Mbeya
Pole sana kaka kwa miche. Hizo ni betri, hakuna lingine. Betri za kawaida za alkalaini zikipigwa na baridi nguvu inashuka, asubuhi zikipata joto zinafufuka. Weka za lithiamu, zile za volti 1.5 zisizochajiwa. Zinavumilia baridi kuliko hii yetu mara nyingi.

Na kama umeweka za kuchaji, toa leo leo. Moja ina volti 1.2, mbili zinakupa 2.4 wakati kifaa kinategemea 3.

Mwenye Shamba
Asante mkuu. Niliweka alkalaini za kawaida. Jumamosi nikienda mjini nitatafuta za lithiamu.

Fundi Mawimbi
Mwenye Shamba, kabla ya kununua chochote naomba unijibu. Skrini imekaa wapi hasa, ukutani, mezani au dirishani? Inakula umeme wa chaja au betri? Na kuna nini hapo nyumbani kinachowashwa jioni na kuzimwa alfajiri?

Nauliza hili la mwisho kwa sababu baridi haina saa. Bondeni kwenu baridi kali huja saa tisa, saa kumi usiku. Wewe unapoteza mawimbi saa moja jioni, wakati hewa bado ina nyuzi 12 au 13. Betri haiwezi kuzimia kwenye nyuzi 13.

Halafu jambo ambalo wengi hatulifikirii. Kupokea redio ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona. Usipomsikia kuna sababu mbili, ama ananong'ona mno, ama chumba kina makelele. Wote tunakimbilia ya kwanza, tunabadilisha betri, tunasogeza kihisio, tunanunua antena kubwa. Kwa uzoefu wangu wa kutengeneza mageti ya rimoti na kengele za magari, vitu vinavyotumia masafa hayo hayo ya 433, mara nyingi kosa liko kwa msikilizaji.

Mzee wa Kipimamvua
Vijana, mimi si mtu wa redio, lakini nimesoma vipimajoto na vipimamvua kituoni kwa miaka 27 hadi nilipostaafu. Naomba niseme moja kabla hamjaanza kuhamisha vitu.

Mahali pa kihisio panaamuliwa na hewa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kipimajoto kiwe kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi, mahali palipo wazi, juu ya nyasi fupi, mbali na ukuta na bati. Upepo hupimwa mita 10 juu. Kipimamvua kikae mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo chake, na ikiwezekana mara nne. Ukikisogeza karibu na nyumba ili redio isikie, ukuta wa tofali uliokunywa jua mchana kutwa utakupa joto la uongo usiku. Utaona nyuzi 5 huku miche yako bondeni iko kwenye 1. Namba hiyo ni mbaya kuliko vistari, kwa sababu utailalia.

Kwa kuwa kifaa chako kina kila kitu kwenye mlingoti mmoja, kiache kwenye mita 2. Upepo utasoma pungufu, ukubali. Wewe shida yako ni sakitu.

Mwenye Shamba
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na kihisio sikigusi tena.

Fundi, skrini iko kwenye meza ndogo chini ya dirisha la sebule linaloangalia bondeni. Nilidhani dirishani ndipo pazuri. Inatumia chaja ya simu. Jioni kinachowashwa ni taa ya barazani, ile ya usalama, inajiwasha yenyewe giza likiingia na kujizima kukikucha.

Mzee wa Kipimamvua
Marahaba mwanangu.

Fundi Mawimbi
Taa hiyo ni ya LED? Ipo umbali gani kutoka skrini?

Mwenye Shamba
Ya LED, niliinunua sokoni kwa bei ndogo. Ipo nje ya dirisha hilo hilo, juu kidogo. Kutoka kwenye skrini hazifiki mita 2.

Fundi Mawimbi
Basi leo usiku fanya hivi. Tafuta redio ndogo ya FM ya betri. Iweke mahali pasipo na stesheni, usikie ule mvumo wa maji yanayomwagika. Simama na redio mkononi karibu na meza ya skrini, mtu mwingine awashe na kuzima taa. Kisha fanya hivyo na chaja ya simu, na king'amuzi, na inveta ya sola kama ipo. Redio ya FM haiko kwenye 433, lakini kifaa chenye uchafu huchafua masafa mengi kwa pamoja, kwa hiyo itakuonyesha mshukiwa.

Msafiri
Samahani kuingilia uzi. Shemeji yangu ameniletea kituo kutoka Marekani, nyuma kimeandikwa 915 MHz. Je, hiki kitafanya kazi hapa Dar?

Fundi Mawimbi
Msafiri, kihisio na skrini vitasikilizana, vimetengenezwa pamoja. Ila masafa ya 902 hadi 928 yametengwa kwa vifaa kama hivyo katika kanda ya Amerika. Afrika, pamoja na Ulaya, iko Kanda ya 1 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na kwetu kipande cha namna hiyo ni 433.05 hadi 434.79. Simu za GSM za 900 hurusha kuelekea mnarani kati ya 890 na 915, kwa hiyo kifaa chako kimekaa kizingitini pa simu. Kila simu itakayopigwa chumbani mwako inaweza kukizibia, na wewe pia unaweza kuwaingilia wengine. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kabla ya kukiwasha.

Na usije ukanunua kihisio cha 433 au 868 ukitegemea skrini ya 915 itakisikia. Haitakisikia hata ukikigusisha. Nilishauziwa mwenyewe kihisio cha akiba dukani nikaambiwa "zote zinaingiliana", nikapoteza wiki mbili kutafuta ubovu usiokuwepo. Angalia lebo chini ya mfuniko wa betri, masafa huandikwa pale.

Mwenye Shamba
Wakuu, nimerudi. Sikulala mapema jana.

Nimechukua redio ya marehemu baba, nikaiweka mwisho wa mshale, kwenye mvumo mtupu. Binti yangu akakaa kwenye swichi. Taa ikiwa imezimwa, mvumo laini. Alipowasha, redio ikaanza kukoroma, sauti nzito ya kukatakata kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nikamwambia zima, kimya. Washa, inakoroma. Tumerudia mara tano. Nilipoipeleka redio kwenye chaja ya simu nayo ikalia, ila kwa sauti nyembamba na ukisogea hatua moja inakwisha.

Tukaacha taa imezimwa. Nilibonyeza kitufe cha kutafuta kihisio upya, nikakaa nikitazama. Baada ya dakika mbili hivi zikatokea namba: nyuzi 7, unyevunyevu asilimia 91. Saa tatu usiku! Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano kuona namba za usiku. Binti alipiga makofi.

Lakini saa nane usiku nilipoamka, vistari vimerudi. Taa imezimwa na vistari vipo. Kwa hiyo tumepata sehemu tu.

Kijana wa Mbeya
Saa nane baridi imeshika, betri hizo! Sikukosea kabisa.

Fundi Mawimbi
Kijana ana hoja safari hii. Betri za lithiamu weka. Na taa ukibadilisha, peleka ile redio dukani, waombe wawashe mbele yako kabla hujalipa. Kizuri hakikoromi.

Ila nadhani bado unasikiliza ukingoni kabisa mwa uwezo, ndiyo maana kila kitu kidogo kinakuangusha. Tazama njia ya mawimbi yako. Bati juu, nondo dirishani, skrini mezani kwenye kimo cha kiuno, kihisio mita 2 tu juu ya ardhi. Watu hudhani redio husafiri kama uzi uliokazwa. Sivyo. Huhitaji nafasi pande zote za huo uzi, umbo kama la muhogo, nene katikati. Kwa 433 na mita 55, unene huo katikati unafika mita 3 kutoka kwenye uzi hadi pembeni. Wewe njia yako inapita kwenye kimo cha mtu, kwa hiyo ardhi yenyewe, mahindi na majani yenye umande vimo ndani ya muhogo. Majani mabichi yenye maji hunyonya mawimbi, na usiku umande unaongeza.

Kihisio hatukipandishi, mzee ameshasema. Tutapandisha sikio.

Kesho mchana toa skrini kwenye chaja, ifunge kwenye pawabenki, utembee nayo kutoka kwenye kihisio hadi nyumbani. Kila baada ya hatua kumi simama dakika moja na nusu, maana inatumwa kila sekunde 16 na unataka kusikia angalau mara tano. Andika idadi ya vistari vya antena, vile vinavyoonyesha nguvu ya mawimbi, si vile vinavyokuja mahali pa namba. Ukifika nyumbani jaribu nje ya ukuta, ndani ya ukuta, juu, chini, na kusogeza shubiri kwa shubiri. Wimbi la 433 lina urefu wa sentimita 69. Likigonga bati na nondo likarudi, linakutana na lile linalokuja, na hapo kunakuwa na mashimo ya ukimya kila sentimita 35 hivi. Skrini inaweza kuwa imekaa ndani ya shimo.

Mwenye Shamba
Nimetembea leo saa tisa alasiri. Toka kihisioni hadi uani vistari ni 4 muda wote. Nje ya ukuta wa sebule, 4. Nimeingia ndani, nimeweka mezani mahali pake pa siku zote: 1. Nikaisogeza kushoto shubiri moja na nusu, 3. Shubiri nyingine, 1 tena. Nikaisogeza katikati ya dirisha, ikiwa imegusa nondo, hakuna kitu.

Halafu nikapeleka stoo. Stoo ni ya mbao, imeegemea nyumba upande huo huo wa bonde. Juu ya rafu, kimo cha mita 2 na nusu, vistari 4 na havichezi.

Kitu kingine nilichokiona nilipokuwa bondeni. Mlingoti wangu ni bomba la chuma la maji, na kile kifaa kimefungwa upande wa chini ya mteremko, yaani bomba liko kati yake na nyumba.

Fundi Mawimbi
Hapo umepata kubwa! Waya wa antena ndani ya vifaa hivyo mara nyingi umelazwa wima kando ya ganda. Bomba likikaa sambamba nao na karibu, linakuwa kivuli na pia linaivuruga antena yenyewe. Zungusha kifaa kiwe upande wa nyumba, na kama unaweza, nusu mita ya juu ya mlingoti iwe mti mkavu au bomba la plastiki lililojazwa fito ndani lisiyumbe, maana mlingoti ukitikisika kipimamvua kinahesabu mvua isiyokuwepo.

Ganda usilifungue kuongeza waya. Upande wa kurusha uache ulivyotoka kiwandani.

Bi Kisima
Kaka Fundi, hongera kwa maelezo. Mimi niko ghorofa ya nne Unguja, kihisio kipo juu ya paa la zege, skrini ndani. Nafanyaje?

Fundi Mawimbi
Dada, zege lenye nondo ni gumu kupita chini moja kwa moja. Mawimbi yako yanatoka nje ya ukingo wa paa na kuingia kwa dirisha. Sogeza kihisio karibu na ukingo wa upande wenye dirisha lako kubwa, skrini iwe mita moja au mbili ndani ya dirisha hilo, si ukutani. Hapo juu paa ni joto la zege kwa vyovyote, kwa hiyo hukiharibu kipimo zaidi ya kilivyo.

Mwenye Shamba
Fundi, kifaa nimekigeuza na juu nimeweka mti wa mkaratusi mkavu. Taa mpya haikoromi. Betri za lithiamu zimo. Skrini iko stoo. Usiku mbili mfululizo sijaona vistari. Shida iliyobaki ni kwamba kengele yake haisikiki chumbani kutoka stoo, na mama watoto angependa skrini irudi sebuleni. Nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya mwanangu. Nimesikia inaweza kusikiliza?

Fundi Mawimbi
Inaweza, na hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Nunua kijiti cha USB chenye chipu ya RTL2832U, kile kilichotengenezwa awali kwa kupokea televisheni. Weka programu huria iitwayo rtl_433. Ukiiendesha kwa kuandika `rtl_433 -M level` inasikiliza 433.92, na kwa kila ujumbe inakuandikia nguvu ya mawimbi na kelele zilizopo, kwa desibeli. Unaacha kubahatisha kwa vistari vinne, unapata namba. Desibeli 3 ni mara mbili ya nguvu, na ukizidisha umbali maradufu mahali pa wazi unapoteza 6.

Antena tengeneza mwenyewe. Soketi moja ya antena, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa kufunga soketi za umeme, uvue ganda. Mmoja usimame wima sentimita 17.3 kutoka kwenye soketi, ambayo ni robo ya wimbi. Minne ya sentimita 18 uiunge kwa risasi ya kulehemu kwenye pembe za soketi, ikunjwe kuelekea chini kama miguu ya kigoda. Itundike nje, chini ya upenu, angalau sentimita 70 kutoka kwenye bati. Usiipandishe juu ya paa, Njombe ina radi. Radi ikianza, chomoa kebo.

Kebo yenyewe iwe fupi. Ile nyembamba ya RG58 inakula karibu desibeli 4 kwa mita 10. Ya dishi, RG6, inakula kama moja na nusu. Ina ukinzani wa omu 75 na antena inataka 50, lakini kwa kupokea tu hasara yake ni ndogo mno.

Mwenye Shamba
Ripoti ya wiki mbili.

Kwa sekunde 16 kila saa ina ujumbe 225. Kwanza nilichomeka kijiti na antena yake fupi kwenye ile meza ya zamani, nikawasha taa ya zamani kwa makusudi. Saa mbili hadi saa tatu usiku nilihesabu ujumbe 19. Nikazima taa, saa iliyofuata 148. Antena ya kigoda ilipoanza kazi chini ya upenu na mita 6 za RG6, 223. Kelele zilishuka, na nguvu ya mawimbi ikapanda desibeli 14 kulinganisha na mezani.

Usiku wa kuamkia jana, saa tisa na dakika 40, Pi ilipiga kengele chumbani. Nyuzi 2.9. Tulitoka watatu na tochi, nyasi zikilia chini ya viatu. Tulifungua maji, tukafunika safu za chini kwanza. Saa kumi na mbili kasoro ilisoma 0.4. Asubuhi nyasi za kando ya mto zilikuwa nyeupe. Miche sita ya ukingoni imeungua ncha. Mingine yote ina majani yake.

Mzee wa Kipimamvua
Mungu ashukuriwe. Andika kwenye daftari saa na nyuzi za kila usiku wa namna hii, na hali ya mawingu na upepo. Mwaka ujao utaona usiku wa sakitu unakuja tangu saa mbili jioni.

Kijana wa Mbeya
Safi sana kaka. Fundi, changu ni cha 868. Waya nikate kiasi gani?

Fundi Mawimbi
Wima sentimita 8.6, miguu 9. Acha milimita chache za ziada kwanza, utapunguza ukiwa unatazama namba.